Koti la Mvua Uliloliomba Asubuhi

Mwanangu, na wewe mkwe wangu,

Mkirudi, futeni matope mlangoni. Ufunguo wa stoo uko juu ya friji. ~~Supu iko jikoni, ipasheni moto.~~ Supu nimempa mbwa.

Asubuhi mliniambia safari ya kupanda mlima na wenzenu wa kazini imeahirishwa, eti msimu huu radi ni nyingi. Haya, nikavua viatu. Mara mkwe ukaja kuomba koti langu la mvua, la kufunikia kuni. Kuni gani, na humu ndani tunapikia gesi? Nikakupa. Dirishani nikakuona umelivaa, unamwambia mumeo, "Mzee angetuchelewesha tu. Akiteguka huko juu, nani atambeba?"

Na wewe mwanangu ukacheka.

Cheka, baba. Mlima huohuo niliushuka nimekubeba mgongoni ungali mdogo, radi zinapasua miti, nawe ukanikojolea mpaka chini. Sikuuliza nani akubebe.

Mkwe, koti hilo limechanika mgongoni, kuanzia shingoni. Nilitaka kukwambia, nikaona una haraka. Sasa hivi mlima wote umemezwa na wingu jeusi.

Taulo nimezifua zote. Ziko nje, kwenye kamba.

Mimi naondoka, miguu bado ninayo. Mkimchukua mjukuu wangu kwa shangazi yake, akiuliza babu anarudi lini, mwambieni safari imeahirishwa. Uongo huo mnaujua vizuri.

Mzigo wenu,
Baba