Vyoo vya Kudumu, Ambondrona

Andoany, Jumanne 16 Aprili 1996

Daftari jipya. La zamani limelowa kwenye boti, limevimba kama mkate. Naandika Kiswahili, lugha niliyosomea Unguja, kwa sababu hapa hakuna wa kukisoma. Kaka yangu Allaoui angeambulia maneno ya msikitini na ya baharini, basi. Vizuri. Niseme nitakavyo.

Kazi yenyewe: mpango wa miaka kumi na mitano wa uwanja wa kambi, tamasha la muziki la Ambondrona, hapa kisiwani Nosy Be. Maji, vyoo, njia za magari, majiko, miti ya kivuli. Kila mwaka watu wanaongezeka, kila mwaka mashimo yanachimbwa upya na kufukiwa upya. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Djaffar, mwenye hoteli pale ufukweni, amechoshwa na vitu vya muda. Anataka saruji. Aliniuliza naionaje kambi hiyo mwaka 2011. Nikatazama kahawa yangu. Mimi sijui mwezi wa saba nitakuwa wapi!

Chumba nilichopanga kinatazama soko. Nimeshahamisha kitanda mara mbili. Hakuna pembe inayonifaa.

Alhamisi 18 Aprili

Nimetembea uwanja wote na Djaffar. Mtu wa watu — anaongea kwa mikono, anamjua kila mtoto kwa jina. Uwanja unateremka. Juu kuna barabara na milangilangi iliyozeeka. Katikati ndipo mahema yanaposimama. Chini kabisa kuna fensi ya miti, na nyuma ya fensi ua wa mama mmoja, Mariamou. Nyumba, mbuzi, kisima.

Vyoo huchimbwa chini, kando ya fensi. Kwa nini huko? Kwa sababu jukwaani havionekani na wageni hawapati harufu. Sasa anataka vijengwe hapohapo, vya kudumu, kabla ya tamasha kufunguliwa Pentekoste. Kuna katapila la watengeneza barabara, limepata nafasi kidogo, akilikosa basi tena mpaka mwakani.

Nikamwuliza mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi. Akanyoosha kidole baharini. Kati ya kidole na bahari kuna kisima cha Mariamou.

Ijumaa 19 Aprili

Baada ya swala nimerudi peke yangu. Nikabisha, “Mbola tsara,” akaitikia, akaniwekea kigoda. Mariamou ni mjane, anauza mboga soko la Andoany. Ni Mwislamu wa hapa, wa zile koo za pwani za zamani zilizochanganyika hata hazijui tena zimeanzia wapi. Tulizungumza Kimalagasi, changu kina matamshi ya Mahajanga, akacheka kidogo.

Alinieleza bila hasira. Mwaka jana mvua za kwanza baada ya tamasha, maji ya kisima yalibadilika harufu. Mjukuu wake aliugua tumbo, akapona. Tangu hapo maji ya kunywa anateka bomba la hoteli. Aliwaambia kamati. Wakampa tiketi mbili za bure. Nikamwuliza alifanyaje. Alikwenda, alisema. Muziki ulikuwa mzuri.

Akauliza mchoro wangu utasemaje. Nikamwambia vyoo vitapanda juu, barabarani. Nilisema haraka mno. Nimeahidi kitu ambacho si changu.

Jumapili 21 Aprili

Kutwa nachora. Naketi, nasimama, naenda mpaka bandarini, narudi. Mchoro umeiva hata hivyo: vyoo juu, kando ya barabara, na makaro ya saruji yaliyofungwa chini, ili gari la kunyonya liweze kuyafikia. Chini kwenye fensi — miti na nyasi tu, pasijengwe kitu. Miembe haifai, watu watalala chini yake na kuvunja matawi. Nimeweka mikorosho.

Jioni nikampelekea Djaffar. Alifurahia njia, akafurahia majiko. Alipofika vyooni akacheka. Nimkaribishe mgeni kwa choo? Ndicho akione kwanza? Halafu pale juu amekwisha kuwaahidi watu wa mabango ya matangazo. Akasema vyoo vibaki chini, na kisima atakitibu kwa dawa. Nikasema dawa si ukuta. Akanipigapiga bega, akaniagizia soda.

Alhamisi 25 Aprili

Safari ya Mahajanga, kwa Idd. Boti mpaka bara, kisha taksi ya porini, magunia ya vanila miguuni. Njia nzima nimebishana na Djaffar kichwani. Nimeshinda kila mara.

Mahajanga, Jumapili 28 Aprili, Idd

Mama hakutoka. Wanawake wa mtaa wetu, Tsaramandroso, walipita kuamkia, nguo mpya, manukato, naye kaketi ndani na begi lake chini ya kitanda. Nimemwona mguu umegusa begi. Nikamwamkia kwa Kikomori chetu, “Kwezi, Mama.” — “Mbona, mwanangu,” akaitikia. Mkono wake baridi.

Allaoui amenieleza jikoni. Maji ya kuoshea vyombo yanatoka kwetu yanaingia ua wa jirani, mama mmoja wa Kimalagasi, Bi Noeline. Bi Noeline alikuja kusema, kwa upole tu, labda mfereji ugeuzwe. Siku ileile Mama akafunga begi. Allaoui ameugeuza mfereji, Bi Noeline mwenyewe kaleta sahani ya wali leo ya kututakia Idd. Begi halijafunguliwa.

Niandike. Sijawahi kuandika.

Wanaosimulia huanza na mtoto. Mtoto wa Kikomori, alijisaidia ua usio wao. Ukazuka ugomvi juu ya mavi ya mtoto — neno ndilo hilo. Baada yake mapanga na moto, mitaa yetu Wakomori yote hapa Mahajanga, Desemba 1976. Wenye kusoma husema mizizi yake ilikuwa mirefu zaidi, na ni kweli. Lakini Mama ameishika ile ya mtoto, hawezi kuiachia. Baba hatukumwona tena.

Tuliokimbia tuliwekwa ndani ya kambi ya askari, maelfu ya watu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Vyoo vilijaa mara moja. Mama alinizungushia leso yake, akageuza uso, nami nikachuchumaa katikati ya watu. Kisha ndege, Moroni, kisha shangazi Unguja. Watu huniuliza kwa nini mtoto wa kike akasomee maji machafu. Huwaambia ndiyo nafasi iliyobaki chuoni.

Na Djaffar, kila akisema “kambi” anatabasamu!

Mahajanga, Jumatatu 29 Aprili

Nimemwonyesha Mama mchoro. Sijui kwa nini. Hasomi michoro. Nikamwelekeza kwa kidole: hapa barabara, hapa mahema, hapa nyumba ya mtu. Akauliza wao wanataka choo kiwe wapi. Nikamwonyesha. Akanyoosha karatasi kwa kiganja kama anayetandika kitanda.

“Usimwekee mtu choo chako mlangoni kwake, Hayrat. Hata serikali ikikupa ruhusa. Atanyamaza leo, atanyamaza mwaka kesho. Wewe hujui siku atakayochoka.”

Akataka chai. Baadaye Allaoui alileta matofali, anataka kumjengea jiko la maana. Mama kakataa, kama kila mwaka. Jiko la mabati linatosha. Jiko la mabati mtu haliachi kwa uchungu.

Andoany, Jumamosi 4 Mei

Nimerudi. Nimekwenda Ambondrona hata begi sijaweka chini.

Vigingi vimepigwa. CHINI. Kamba nyekundu imezunguka pote kando ya fensi, na juu barabarani ubao mkubwa umesimikwa: mpango wa kudumu, picha ya mahema, na chini yake jina langu. Jina kamili, la baba na la babu. Mtu yeyote akilisoma anajua ni la wapi.

Djaffar hayuko, yuko bara kutafuta saruji. Kijana wa hoteli anasema katapila litakuja Jumatatu ya tarehe kumi na tatu.

Nimezunguka ubao ule kama kuku.

Jumanne 7 Mei

Sokoni. Mariamou alikuwa na mboga zake. Nilisimama mbele yake, akamhudumia mtu wa nyuma yangu. Nikasimama tena. Akapanga mafungu ambayo yalikuwa yamepangwa. Pembeni mwanamke mmoja akamwambia mwenziwe ndiye huyu, Mkomori aliyechora. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeonyesha nyumba.

Jua lilikuwa la saa nne. Nimetembea mpaka bandarini nikauliza boti. Nikarudi. Nimefunga begi — nimelikuta limefungwa, sikumbuki kufunga. Mtoto wa Echata, wa Mama yule yule, kweli.

Alhamisi 9 Mei

Mkutano wa kamati, barazani kwa Djaffar. Alirudi na saruji na homa ya mafua. Nikasema yote niliyojiandalia: mteremko, mchanga, kisima, miaka kumi na mitano ya mvua. Walisikiliza vizuri. Mwalimu mmoja akaniunga mkono. Kisha wakakubaliana kwamba mwaka huu vijengwe chini kwa kuwa wakati hakuna, na kuhamisha “kutafikiriwa katika awamu ya pili.” Kana kwamba saruji ina miguu!

Nikasimama. Nikasema, “Ng’oeni vigingi, au ng’oeni jina langu.”

Djaffar akaahirisha mkutano.

Akanifuata ngazini. Nilidhani atanikemea. Akaniuliza nina nini, maana hiyo si hasira ya choo. Nikamwambia. Kambi ya askari, leso ya Mama, Baba. Nilimwambia nimeukazia macho mlango wa gari lake.

Akakaa kwenye ngazi. Akasema mjomba wake alikuwa na duka Mahajanga mwaka ule, hakuna hata kiatu kilichorudi. Sikujua. Watu wa hapa Nosy Be hawazungumzi hayo.

“Ndiyo maana nimelianzisha tamasha hili,” akasema. “Watu wa kila kabila walale uwanja mmoja, wacheze, waamke wako hai. Nikichelewa mwaka mmoja tu, wafadhili watakwenda kwingine. Wewe unaniletea kisima.”

Nikamwambia kisima ndicho chenyewe. Nimeondoka. Si yeye wala mimi aliyeaga.

Ijumaa 10 Mei

Simu kwa Allaoui kutoka duka la Mhindi. Mama hajambo. Nilitaka kusema narudi nyumbani, nikaishia kumwuliza habari za mfereji. Unapitisha vizuri.

Hakuna zaidi. Siwezi kukaa, siwezi kula.

Jumamosi 11 Mei

Nimekwenda kwa Mariamou na mchoro. Kigoda sikupewa. Nikautandaza juu ya ukingo wa kisima nikamwonyesha: huu ndio niliouchora, ona vyoo viko juu. Vigingi vile vya chini si vyangu, wala sikuulizwa. Jina wameliandika bila mimi.

Alitazama muda mrefu. Mbuzi akaja kulamba pembe ya karatasi, akamfukuza. Sikuomba aniamini. Nilikuwa na tiketi ya boti ya Jumatatu asubuhi mfukoni, na nadhani uso wangu ulikuwa unaitangaza.

Hakuuliza habari za mchoro hata kidogo. Aliuliza jambo moja.

“Jumatatu watakapokuja, utakuwepo?”

Nikasema nitakuwepo.

Ambondrona, Jumatatu 13 Mei

Naandika magotini, ndani ya uwanja, chini ya kamba nyekundu. Wino wenyewe unaruka.

Boti imekwenda. Niliisikia honi.

Nilikuja mapema. Mariamou alikuwa keshakuja upande huu wa fensi, na mkeka. Ameutandaza katikati ya vigingi, pale ambapo shimo la kwanza lingeanza, akaketi, akaanza kuchambua mboga za soko kama siku yoyote. Akapiga mkeka kwa kiganja. Nikaketi. Baadaye akaja yule mwanamke wa sokoni, yule aliyeniita Mkomori, na beseni lake. Akanisalimu. Akaketi upande wangu, kwa kuwa kwa Mariamou kulikuwa na jua.

Katapila lilifika likinguruma toka barabarani. Dereva, Assoumani, aliposhuka akatutazama, akauliza nani anahusika na kazi hii. Wanawake wote wawili wakanionyesha mimi. Mariamou akasema kwa sauti, ili asikie na msaidizi wake aliyebaki juu ya mashine, “Huyu hapa. Mpango ni wake, na anasema huku hapachimbwi.”

Assoumani akasema yeye ana amri ya kamati. Nikamwambia aiite kamati. Amezima mashine. Ameketi juu ya gurudumu anakula mokari, mkate wa mchele tuliompa.

Ukimya wa mashine ile! Nasikia mbuzi, na upande wa hoteli mtu anajaribu gitaa, anaanza wimbo, anaacha, anaanza tena.

Nimempa Assoumani mchoro autazame. Anaona kule juu ardhi ni ngumu zaidi ila inachimbika, siku tatu, labda nne. Nimesema kama ni lazima tutang’oa ubao ule wa barabarani wenyewe. Mariamou kacheka — mara ya kwanza tangu ile Ijumaa ya matamshi yangu ya Mahajanga.

Nina hofu. Lakini sijainuka. Nimejaribu kuona kama miguu inataka kwenda, haitaki.

Gari la Djaffar limesimama barabarani. Anashuka. Hakuja na wanakamati, yuko peke yake. Ameutazama ubao wenye jina langu, sasa amevua viatu kwa ajili ya tope, amevishika mkononi, anateremka kuja kwetu. Mariamou anasogea kwenye mkeka, anamwachia nafasi ya kuketi.