Pikapu Waliyoikataa Madereva

Sombetini, Arusha
9 Oktoba 1996

Mama Mkumbo,

Leo nimetimiza miezi kumi na sita tangu niondoke Kiomboi. Nimefurahi kusikia mbuzi amezaa pacha.

Mama Anjela, tajiri wangu wa viazi, amenunua pikapu ya Kijapani ya otomatiki. Gia zinajibadilisha zenyewe. Madereva wenzangu wote wameikataa. Fundi Manase wa Daraja Mbili anatucheka: "Gia ya mkono ikifa, naifungua hapa hapa chini. Hiyo ikifa, mzee, fugia kuku!" Anasema kweli. Betri ikiisha, hata mkiisukuma haiwaki. Lakini mimi ndiye niliyeiomba.

Kuna jambo sikukuandikia. Mwezi wa tatu gunia liliniangukia mguu wa kushoto, na mpaka leo haukanyagi klachi, ile pedali ya kubadilishia gia. Pikapu hii haiuhitaji. Ikifa, na kazi yangu imekwisha, ndiyo maana naiendesha kama nimebeba mayai.

Nitakuja Krismasi. Waambie watoto mapema kwamba baba yao anachechemea, wasije wakashtuka nikishuka kwenye basi.

Mumeo,
Eliasi