Meja Aliandika "Kushika"

Jumatatu, 6 Machi 1922

Nimefika ofisini Haifa nikakuta watu wawili benchi moja, hawasalimiani. Mzee Abu Ghalib, mkuu wa kijiji cha Ayn Sarrar, na Bwana Perchik wa makazi mapya ya Wayahudi, ng'ambo ya kilima. Kila mmoja na barua yake. Wote wanataka chemchemi ileile.

Barua ya mzee, ya mwaka wa kumi na nane: "Wanakijiji watashika chemchemi." Ya Perchik, ya mwaka wa ishirini: "Serikali inaitazama kwa jicho jema nia ya walowezi kushika chemchemi." Sahihi ni moja. Meja Pettifer, mkubwa wetu.

Tulimpelekea mimi na Menashe, mkalimani mwenzangu. Akazisoma zote mbili polepole, kama mtu anayefurahia mwandiko wake. Akasema hakuna mgongano. Aliahidi kushika tu. Kushika ni nini, hakusema.

Jumanne, 7 Machi

Meja ametunga barua ya tatu, ya kukata maneno. "Pande zote mbili zitashika chemchemi, bila upande wowote kupungukiwa." Mstari mmoja, siku nzima, vikombe sita vya chai.

Tumekwama. Mimi natafsiri kwa Kiarabu, Menashe kwa Kiebrania. Miaka miwili meza moja, wino mmoja, zeituni za mkewe katikati. Kushika kwa Kiingereza cha Meja ni kumiliki — na pia ni kumshikia jirani mzigo wake akifunga kiatu. Lugha zetu zinakutaka uchague.

Menashe akasema, "Wadii, ndugu yangu, tuandike neno moja wote. Kila mtu achote, asimiliki mtu."

Meja hakutaka kusikia. Mkiwaambia kitu kimoja, alisema, watakasirika wote. Kila mmoja awape watu wake neno la kuwaridhisha. Hiyo ni amri.

Nikaandika kumiliki. Menashe, bila kunitazama, akaandika kumiliki.

Alhamisi, 9 Machi

Barua imesomwa penye chemchemi. Niliposoma mimi, wanawake wa Ayn Sarrar walipiga vigelegele. Aliposoma Menashe, watu wa Perchik walishikana mikono wakacheza duara. Meja aling'aa. Mzee alimchinjia kondoo, Perchik akamletea divai.

Mimi niko Kwaresima, Menashe hali nyama isiyochinjwa na wa kwao. Tulikula mkate mtupu, sisi wawili, nyuma ya mwamba.

Kwa saa mbili nzima kulikuwa na amani! Kila upande uliuhurumia ule wa pili kwa kukubali kushindwa kiungwana. Kisha mzee akamkatia Perchik paja. "Kula, bwana. Wewe ni mgeni kwenye maji yangu."

Perchik akajibu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, "Ahsante, mzee. Na wewe njoo uchote siku yoyote. Hatutakufukuza."

Wakatazamana. Paja likabaki hewani. Meja alikuwa ameshapanda gari.

Jumapili, 12 Machi

Walowezi walizungushia chemchemi waya juzi. Wanakijiji wakaung'oa. Mawe. Fikriya, mjukuu wa mzee, amepasuka paji la uso. Mlowezi mmoja amevunjika mkono.

Hakuna anayemlaumu Meja. Nje ya kanisa shemeji yangu alinivuta kando: "Ni kweli yule Myahudi wako aligeuza neno kuwafaidi watu wake?"

Ilinipasa kusema sote tuliandika lilelile. Nilisema jua ni kali leo.

Jumanne, 14 Machi

Meja amepandishwa cheo. Anahamia Kupro. Nasikia huko kuna Wagiriki na Waturuki, watafaidi.

Ametuachia tume ya uchunguzi. Tume imeona barua ya Kiingereza haina dosari. Kosa ni la tafsiri. Haikusema ipi. Menashe amehamishiwa chumba cha pili. Kila mmoja wetu ameletewa karatasi atie sahihi kwamba tafsiri yake ndiyo ya kweli. Akitia mmoja, mwenzake ni mwongo na hana kazi. Tukitia wote, kila upande utakuwa na barua nyingine ya serikali.

Menashe alichungulia mlangoni saa nne.

"Umetia?"

"Bado. Wewe?"

"Bado. Basi tusitie, Wadii."

"Tusitie."

Akarudi kwake. Sasa Perchik ameingia kule. Nasikia sauti yake ikipanda na kushuka. Na hapa kwangu amekaa Mzee Abu Ghalib. Naandika haya ili mkono wangu uonekane una kazi.

"Mwanangu," ananiambia, "ni wewe uliyetusomea. Tulikusikia sote. Au ulitudanganya?"

Chumba cha pili kimekuwa kimya. Ni kimya cha mtu anayeandika. Au cha mtu aliyetega sikio, anasubiri kusikia kalamu yangu. Mzee amenisogezea wino na ile karatasi ya sahihi.