Homa Uliyompa Baba

Kaka yangu,

Assalaam alaykum. Salamu ni haki ya Mwislamu, kwa hiyo nimekupa. Hali sikuulizi, kwa kuwa yako tunaisikia redioni. Ya kwetu ndiyo huijui. Nikipiga simu anapokea msichana wa ofisini kwako, ana adabu zake, ananiambia Mheshimiwa Balozi yuko mkutanoni. Mkutano gani huo, kaka, mtu hatoki hata kwenda chooni? Basi nimeona nikuandikie hadharani, katika gazeti hili dogo wanalosoma watu wetu wa London. Huko uliko una wapishi na madereva, hatakosa mmoja wa kukusomea.

Mama anakaa eda.

Usicheke. Mama yetu, na uzee wake wote huu, amejifungia chumba cha nyuma hapa Woolwich, anamkalia baba eda ya kufiwa. Na aliyemkalisha ni wewe.

Unaikumbuka siku aliyochukuliwa baba? Wewe ulikuwa mkubwa kwangu, lazima unakumbuka vizuri zaidi. Mapinduzi yalishapita, watu walishaanza kufungua maduka, sisi tukidhani yametupitia mbali. Tulikuwa tunakunywa chai. Wakaja wanaume watatu, wala hawakupiga kelele. Mmoja akasema, "Mzee, tunakuhitaji kidogo tu." Baba akafuta mkono, akainuka, akamwambia mama, "Kikombe changu usikiondoe." Mama hakukiondoa mpaka chai ikaota ukungu. Hakuna aliyetuambia kapelekwa wapi. Hatukuletewa maiti, hatukuonyeshwa kaburi. Mpaka tunaondoka Unguja, mama hakukaa eda, kwa sababu eda anakaa mwenye habari, na yeye habari hana.

Huku London alifagia hospitali, akatulea. Wanaume walimtaka, wewe mwenyewe uliwafungulia mlango. "Nina mume," anawajibu. "Yuko wapi?" "Sijui. Lakini ninaye." Na kila Alhamisi jioni anaoga, anapaka hina, anajifukiza udi mpaka ngazini kunanukia. Jirani yetu Bi Zuhura alikuwa hamwachi. "We mwanamke, unajifukizia nani? Lifti?" Na mama bila kukasirika: "Lifti ikipanda, mwenzangu, utajua imembeba nani?"

Ndiyo nyumba iliyokulea hiyo.

Ulipogombea udiwani nilifurahi, Mungu shahidi. Nilipanda ngazi za maghorofa yale mpaka magoti yakavimba, nikigawa vikaratasi vyenye picha yako. Wanawake wa kwetu walikukaangia sambusa za mikutano yote. Na wewe ukasimama ukumbini ukawasimulia wale watu watatu, na chai, na kikombe. Ukumbi mzima ulilia. Bi Zuhura akafuta macho kwa buibui, akasema, "Huyu kura yangu keshaipata. Kalia kiume, hata kamasi hazikumtoka." Kisa kilikuwa cha kweli, na cha kwako, sikuona ubaya. Lakini mkutano wa tatu nikaona kitu. Kila ukifika penye neno "kikombe" unanyamaza, unatia mkono mfukoni, unatoa leso. Ni pale pale. Nikajisemea, astaghfirullah, namdhania vibaya ndugu yangu wa tumbo moja.

Ukashinda. Kutoka diwani ukapanda, na chama chako kikapanda, mpaka serikali ya Waingereza ikakuteua balozi wao katika nchi iliyo jirani na kwetu. Siku ile mama alipika visheti. Ulikuja na gari jeusi, ukakaa ukingoni mwa kochi suti isikunjike, na visheti ukala kimoja. Mama hakukuomba fedha wala safari. Alikushika mkono akakwambia, "Baba, sasa unakaa karibu na wakubwa wa kule kwetu. Niulizie habari za mzee wako." Ukambusu mkono. "Inshallah, mama."

Hiyo inshallah yako ndiyo aliyokuwa akiisubiri kila jioni, redio ya Kiswahili iko mapajani. Na siku moja ukaja redioni kweli. Sauti yako nzuri, Kiswahili chako kimepigwa pasi. Mtangazaji akakuuliza kwa heshima zote, "Mheshimiwa Balozi, inasemekana mzee wako alipotea baada ya Mapinduzi?" Na wewe ukacheka, kaka. Nilikusikia kwa masikio yangu. Ukasema, "Ah, watu wanapenda kukuza mambo. Mzee alikufa kwa homa, kitandani kwake, sisi tukiwa wadogo. Alhamdulillahi, hatuna kinyongo na mtu."

Alhamdulillahi! Jina la Mola juu ya uongo, kama sukari juu ya mavi. Nisamehewe kwa neno hilo, sikupata jingine.

Mimi nilijua umefanya nini. Ulipotaka kura za wakimbizi, baba alichukuliwa. Ulipotaka kukaa meza moja na wakubwa wasiopenda kukumbushwa Mapinduzi, baba akaugua homa. Lakini mama hakusikia nilichosikia mimi. Mama alizima redio, akasema, "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun." Kisha, uso umemng'aa kwa machozi: "Kauliza. Mwanangu kaniulizia, kapata habari." Akavua bangili moja moja. Akanipa chetezo na udi wake nikaviweke mbali. Halafu akakuombea dua, wewe, ndefu kuliko zote alizowahi kuniombea mimi ninayemkosha na kumlisha.

Nikamwambia, "Mama, kaka kasema uongo." Alinitazama kama niliyetukana msikitini. "Balozi aseme uongo, dunia nzima inasikiliza? Juu ya baba yake? Toka mbele yangu."

Nikamleta sheikh wa madrasa. Akamweleza kwa upole kwamba hata habari ikiwa ya kweli, eda huhesabiwa tangu mume alipokufa, na ya kwake ilishapita zamani. Mama akamjibu, "Iliyopita, sheikh, sikuikaa mimi." Sheikh akanywa chai yake akaenda zake.

Basi hatoki. Hajipaki mafuta ya harufu. Sikukuu watu walipita mlangoni na nguo mpya, yeye amekaa na kanga yake iliyochuja. Alhamisi inakuja inapita, ngazi zetu hazinukii. Juzi Bi Zuhura alisimama mlangoni, akaniambia taratibu, "Lifti inapanda bure siku hizi." Hakucheka, wala mimi sikucheka.

Na maswali, kaka, yote ananiuliza mimi. Nani alimkosha? Nani alimsalia? Aliweza kutamka shahada? Jana ndiyo limekuja hili lililonifanya nishike kalamu. Nimemkuta anakunja nguo anatia kwenye begi. "Eda ikimalizika," kaniambia, "kaka yako atanipeleka kaburini. Mtu aliyekufa kwa homa kitandani kwake ana kaburi." Nikaweka kikombe chake mezani, nikaenda kutafuta kalamu.

Hebu niambie mimi, mheshimiwa. Utampeleka kaburi lipi? Au hilo nalo utalitunga, uchimbishe shimo mahali, uweke jiwe, upigwe picha? Inanikirihi hata kuwaza kwamba unaweza.

Najua kazi yako inataka maneno laini. Mimi skuli niliishia njiani, siasa sizijui. Lakini ulikuwa na neno moja ambalo halimuudhi mkubwa wala mdogo, na ungebaki na ubalozi wako. Ungesema: sijui. Mama kalibeba neno hilo maisha yake yote mbele za watu, na halikumwinamisha kichwa. Lilimwachia mume. Wewe umempa baba homa na kitanda, ukamfanya mama mjane kwa sentensi moja, kisha ukaenda kula chakula cha jioni.

Dhambi hii siwezi kukufutia. Si yangu. Ni ya yule aliye chumba cha nyuma, na yeye maneno yangu hayapokei. Atapokea yako tu.

Basi njoo kabla begi halijafungwa. Gari la bendera liache, viatu vivulie mlangoni kama ulivyofundishwa. Kaa chini karibu na kitanda chake, umwambie kwa mdomo ule ule uliosemea redioni: "Mama, sikuuliza. Sijui." Atakupiga, na umstahamilie. Chetezo nimeshakisugua, udi upo kabatini. Nitamfukiza siku hiyo hiyo, hata isipokuwa Alhamisi, na lifti ikipanda tutanyamaza sote tusikilize.

Wassalaam.

Ni mimi nduguyo, mwana wa baba yule yule