Isale la Mzee Sifael

Kambi ya Wakata Miwa,
Kusini mwa Moshi.
29 Septemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Evaline,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungekwisha kunisalimu. Hujambo huko Kasulu? Mama yako Anyesi kifua kimepoa? Mvua zimeanza, au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima, ila mgongo. Msimu wa kukata miwa bado mrefu, na masizi ya miwa iliyochomwa yanatukohoza sote. Ronald, ninayekata naye miwa, anakusalimu. Bado anasema kama kuna digrii ya kusikiliza watu, mke wake asijaribu, atafeli.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Umeizima. Basi barua hii nampa Augustino, anakwenda likizo nyumbani. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka ameona umeifungua.

Mama yako ameniambia umesema hurudi chuo. Vitabu vya unasihi umevisukuma chini ya kitanda, asubuhi unachukua jembe. Sikukasirika, mwanangu. Nilikaa tu kwenye kizingiti cha chumba changu, nikashindwa hata kula.

Uliondoka kabla ya mazishi ya Mzee Sifael, kwa hiyo hujui yaliyotokea. Nitakueleza yote, hata yatakayokuuma.

Nakumbuka ulivyokuja kwangu kutoka Mwika unalia, hata viatu hukuvua. Katika mafunzo yako ya vitendo ulikuwa umekwenda kwa yule mzee mara nyingi, ukikaa naye bila haraka kama mlivyofundishwa, mpaka akaweza kumtaja Eunike, binti aliyemfukuza kwa kutoroka na mkata miwa wa kwetu Kasulu. Ndiye Eunike huyu huyu anayetupikia hapa kambini tangu mumewe afariki. Siku alipomtaja alitoka nje, akakata jani refu penye mpaka, akalifunga fundo, akakupa umpelekee binti yake huku kambini. Ukamwambia, "Babu, chuo hakituruhusu kupokea zawadi kwa mtu tunayemhudumia." Ukamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. Naye akalichukua, akaingia nalo ndani.

Hukujua. Hata mimi, kwa miaka yote niliyoishi chini ya mlima huu, nikiyaona masale yamepandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yao ya migomba ya ukoo, nilidhani ni ua wa kuzuia mbuzi. Mpaka Mama Magreth, ofisa ustawi aliyekusimamia, alipokueleza kwamba Mchaga akikuletea isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi. Ulipotaka kupanda tena kulichukua, mzee alikuwa amekwisha kufa.

Mimi nilikwenda na Eunike. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma mifupa. Kaburi lilikuwa limechimbwa kihambani, katikati ya migomba. Tulipoingia, wanawake waliokuwa wakimenya ndizi waliweka visu chini. Hakuna aliyempa Eunike kiti. Kaka yake Ebenezeri alimjia akamwambia mbele ya watu wote, "Umefuata nini? Baba alikutumia isale ukalikataa. Amekufa akisema umelikataa."

Eunike akanigeukia mimi. "Isale lipi, shemeji?"

Evaline, hapo ndipo nilipokutaja jina. Unisamehe, lakini nisingeweza kumwacha yule mama abebe kosa ambalo si lake mbele ya jeneza la baba yake. Nilivua kofia nikasema kwamba Eunike hakukataa, wala hakuletewa kitu. Nikasema ni mpwa wangu, mwanafunzi, aliyedhani anapewa zawadi. Mzee naye akadhani habari ya chuo ni kisingizio tu, na binti yake ndiye aliyemtuma kukataa.

Mama mmoja akasema, "Msomi wa chuo kikuu hajui isale?" Mwingine akamjibu palepale, "Wa Kigoma alijulie wapi? Wewe ukipelekwa kwao utajua nini, zaidi ya kuuliza bei ya mawese?" Wengine wakacheka kidogo, kisha wakaona aibu kucheka msibani.

Ebenezeri aliingia ndani, akakaa huko. Alipotoka alikuwa nalo. Mzee alikuwa ameliweka dirishani, juu ya kitabu chake cha nyimbo. Lilikuwa limekauka, lakini fundo lilikuwa bado limefungwa. Akampa dada yake. Eunike alilipokea, akalitia kifuani ndani ya gauni, akaenda kusimama na watoto wa marehemu. Alitia udongo kaburini pamoja nao. Hakulia. Afadhali angelia.

Tangu turudi ananipakulia chakula kimya. Nami sikumlazimisha. Wewe ulinifundisha kwamba kimya cha mtu nacho kinasikilizwa, na siku ile nilikucheka.

Sitakudanganya kwamba amekusamehe. Juzi nilimwambia unataka kuacha masomo kwa sababu ya jambo hili. Aliweka mwiko chini. Akasema, "Kwa hiyo baba yangu amekufa, na huyo binti naye akimbie? Atakayetumwa Mwika mwakani, si atarudisha isale la mtu mwingine?" Nikamwuliza kama nikuandikie kwamba yamekwisha. Akasema, "Hayajaisha, shemeji. Wala asiniombe radhi kwa simu. Aje nalo mwenyewe."

Mimi niliishia darasa la saba na sijui mengi ya chuo. Sijui kama wakubwa wenu walikosea kuwawekea sheria ile. Najua tu kwamba mzee yule alikaa na jambo lake miaka yote, na hakulisema kwa mchungaji wala kwa mwanawe. Alikuambia wewe. Hilo nalo lilitokea, Evaline, usilizike pamoja na lile jingine.

Chuo kinafunguliwa mwezi wa kumi na moja. Pitia huku kwanza, nitaomba ruhusa kwa msimamizi tupande pamoja Mwika. Ebenezeri amesema ukate isale jingine palepale alipokata baba yake, atatuonyesha fundo linavyofungwa, kisha tushuke nalo kwa Eunike. Eunike mwenyewe nilimwuliza atafanya nini akikuona unakuja nalo. Alijibu bila kuniangalia, "Nitalipokea. Halikataliwi. Ila nililotaka kulipokea kwa mkono ni lile la kwanza, baba akiwa hai."

Nisalimie mama yako Anyesi, mwambie asikulazimishe, akupe tu barua hii uisome tena. Msalimie bibi Eliza na mdogo wako Given. Mungu aliyempokea mzee yule na akupe miguu ya kurudi.

Ni mimi nikupendaye na ninayekungoja,
Mjomba wako,
Nikodemo