Nyuzi Mbili Nene

Tarehe 6 Februari

Kwa dada yangu,

Salamu kwanza. Natumai hujambo, na ile mikono yako iliyobabuliwa na sabuni ya kufulia mashuka ya hospitali imepata nafuu. Huku sote wazima. Mama anakohoa, ila anakohoa kwa kutafuta wa kumhurumia, kwa hiyo usitie shaka.

Nina habari ambayo najua utaikunjia pua. Nimeacha roki. Tangu uhame, bendi ilibaki mimi na mpiga ngoma, naye ameoa na mkewe hataki kelele. Sasa najifunza gitaa la jazi. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, miaka tisa nimesimama majukwaani, leo nafundishwa namna ya kukaa kwenye kiti.

Mwalimu ni mama mmoja mstaafu wa posta, anafundishia kwenye chumba cha nyuma ya duka la viatu. Dada, kile chumba kinanitia kichefuchefu. Zulia linanata. Mwenyewe anakata kucha huku mimi napiga, na vipande vinaruka hadi kwenye daftari langu. Nashinda maabara natengeneza meno ya bandia, kutwa nashika chapa za meno zilizotoka vinywani mwa watu na mabaki ya walichokula, nikadhani hakuna tena cha kunishinda. Zile kucha zimenishinda.

Na muziki wenyewe! Hakuna kukwaruza, hakuna kupandisha sauti. Ni kupapasa nyuzi tu, kama mtu anayeomba radhi. Lakini nimekinai kupiga yale yale, kwa hiyo nimekaza roho.

Mwalimu ana kikundi na anatafuta mpiga gitaa la besi wa kumpokea aliyepo. Nimemwambia ninaye, dada yangu, akija likizo Julai mtamwona.

Mimi mdogo wako.


Tarehe 1 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika, ahsante. Mikono haijapona ila imezoea. Mwambie mama anywe maji ya moto na aache maigizo.

Sikunji pua. Yale ninayoyapokea hapa kila asubuhi ndani ya mashuka yamenimalizia kinyaa chote, sina akiba ya kutumia kwa jazi. Halafu wewe wa kulalamikia kucha za mtu? Wewe uliyekuwa ukifuta jasho kwa pazia la ukumbi?

Lakini umemwahidi mtu besi bila kuniuliza. Besi nimeacha. Nimeacha kabisa, si kupumzika. Tafadhali usinigusie tena habari hiyo. Niandikie ya nyumbani.

Dada yako.


Tarehe 22 Machi

Dada,

U hali gani? Sisi wazima, mama amehamia kwenye kuumwa mgongo.

Eti umeacha besi! Utani wako unaujua mwenyewe. Mwalimu nimeshamthibitishia Julai.

Sasa sikia walivyonifanyia. Jumamosi mchana ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga na kikundi. Nikashika nyuzi zote sita nikapiga kama tulivyozoea, kifua mbele. Hatukufika hata nusu ya wimbo. Mpiga kinanda akafunga kifuniko. Mpiga besi, mfamasia mmoja mpole, akapangusa nyuzi zake kwa kitambaa, akaingiza besi kwenye mfuko, akaaga kwa heshima zote na kuondoka. Mwalimu akachukua koleo, akanikatia zile nyuzi mbili nene, gitaa likiwa bado mapajani mwangu. Akasema, "Sauti za chini ni za besi. Unamkanyaga mwenzio. Utapiga na hizi nne mpaka umsikie."

Nyuzi zangu, dada! Zilining'inia pale kama utumbo. Nimekereka hadi leo sili vizuri. Wanajiona wastaarabu, na zulia lao lile. Ningekuwa na pengine pa kwenda nisingerudi.

Mimi mdogo wako.


Tarehe 11 Mei

Dada yangu,

Hujanijibu ya Machi. Naomba iwe ni kazi tu, na si ugonjwa.

Nilirudi kule. Wiki saba nimepiga nyuzi nne, na huku juu hakuna pa kujificha, inabidi umsikilize yule mfamasia na besi yake huko chini ndipo ujue pa kuingia. Mwanzoni sikumsikia. Kisha siku moja nikamsikia, na tangu hapo siwezi kuacha kumsikia.

Jumapili nikatoa kanda ya onyesho letu la mwisho. Nilitaka nikusikie wewe. Nikakutafuta wimbo wa kwanza, sikukupata. Wa pili, sikukupata. Ni mimi tu, nakwaruza, najaza kila upenyo. Katika wimbo wa tatu uzi wangu ulilegea nikasimama kuukaza, sekunde kumi hivi, na hapo ukatokea. Unapanda, unashuka, mpiga ngoma anauliza nawe unamjibu. Sijawahi kupiga kitu kizuri kama kile maishani mwangu. Kisha nikamaliza kukaza uzi, nikaingia, nikakufunika.

Nilikwenda kutapika. Si maneno ya barua, nilitapika kweli. Naionea kinyaa hii mikono. Nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba tumelelewa bega kwa bega, na miaka yote ile hakuna mtu aliyekusikia kwa sababu yangu.

Nisamehe. Njoo Julai. Nitapunguza sauti hadi mwisho, upige wewe.

Mimi mdogo wako.


Tarehe 19 Agosti

Mdogo wangu,

Sijambo, siumwi. Mama ameniandikia kwamba mwezi mzima wa Julai ulikuwa ukifagia chumba changu. Pole.

Kuna jambo hulijui. Mwaka ule wa mwisho, kila tulipofika wimbo wa kufungia, nilikuwa nazima spika yangu. Nasimama pale pembeni yako, vidole vinatembea, hakitoki kitu. Nilitaka kuona kama utageuka. Maonyesho thelathini na moja. Watu wanashangilia, nawe unanikumbatia na lile jasho lako unaniambia, "Dada, leo tumeua!" Nilikuwa nikifika nyumbani naoga mara mbili.

Ndipo nikahama. Hii kazi ya kufua niliipata baadaye, si iliyonihamisha.

Barua yako nimeisoma sana. Nimefurahi kwamba umenisikia, hata kwa hizo sekunde kumi, na nilidhani nitalia. Badala yake nimepandwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata siku niliyofunga mizigo. Mtu baki kakuambia mara moja kwamba unamkanyaga mwenzio, nawe ukarudi nyumbani ukakaa chini ukasikiliza. Mimi nilikuwa nikikuambia punguza, kila siku ya mazoezi, miaka tisa.

Dada yako.