Unyoya na Adhabu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hamjambo? Mgongo wa wifi umepona? Sisi hapa wazima, ila baba miguu inamsumbua, na ukimwuliza anasingizia viatu.

Ile kamusi yake ya Kireno hatimaye imekwisha. Wiki iliyopita mpiga chapa alileta kurasa za mwisho zisahihishwe, nami nikawa namsomea baba, maana macho yake siku hizi ni ya kubahatisha. Tukafika kwenye lile neno, pena.

Huwezi kuwa umesahau. Kwenye rasimu baba aliweka maana zake mbili, unyoya na adhabu, pamoja, chini ya asili moja. Wewe ukamwambia mbele ya wenzake wa ofisini kwamba hayo ni maneno mawili yaliyofanana sura tu, kila moja na mzazi wake wa Kilatini, na kwamba hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingekosea hapo. Ulisema kweli, lakini ulimvua nguo, kaka. Tangu siku hiyo yeye hakutaji, wewe hupigi simu, na mimi nimekuwa mlango, kila mtu ananibamiza.

Nilidhani ni ubishi wake tu. Kumbe! Niliposoma neno hilo aliniambia ningoje, akaniuliza kama namkumbuka mama akishona mito. Nitaachaje? Manyoya nyumba nzima, mpaka kwenye chai, na kile kikohozi. Baba akasema asili ile hakuitoa kwenye kitabu chochote. Ni mama aliyemwambia, akikohoa huku anacheka, kwamba Wareno wana akili kuita unyoya na adhabu kwa jina moja, bila shaka nao walishona mito. Kifua kilipomchukua mama, baba akakosa moyo wa kuyafuta maneno yake. Alijua tangu mwanzo kuwa si sahihi.

Basi akaniambia niligawe: pena ya kwanza, unyoya, pena ya pili, adhabu na huzuni. Nikaandika. Akasema, "Mwambie kaka yako nimesahihisha. Mama yenu ndiye niliyemtoa kitabuni."

Inaniuma sana kwamba hatukuwahi kumwuliza. Kamusi itatoka mwezi ujao. Njoo uipokee mkononi mwake, usingoje ya posta.

Msalimie wifi na watoto. Baba hajaniagiza salamu zozote, ila hapa ninapofunga bahasha ameuliza tena kama anwani yako bado ni ile ile.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba